Mhariri, hilo neno "yoyote" litaunguza kompyuta za watu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Gazeti lenu nalisoma kila wiki na ukurasa wa teknolojia ndo naanza nao kabla hata ya michezo, kwa hiyo haya naandika kama mtu wa nyumbani, sio mtu wa kuwatafutia makosa. Toleo lililopita mlimjibu msomaji aliyeuliza atajengaje kompyuta yake mwenyewe kwa bajeti ndogo, mkamwambia atafute prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya i7, RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 16, kadi ya grafiksi (inayotoa picha kwenye skrini) ya GB 4, na mwisho kabisa mkaandika "na pawa saplai yoyote ya wati 500", yaani kile kisanduku kinacholisha umeme kompyuta nzima. Hayo mengine nitayagusa, ila hilo neno "yoyote" limeninyima usingizi, sitanii, maana mimi nilishawahi kununua pawa saplai yoyote.

Ilikuwa ndo kompyuta yangu ya kwanza kuijenga mwenyewe. Nilijibana kwa miezi nikanunua kifaa kimoja kimoja, prosesa ya Ryzen 5 3600, kadi ya GTX 1660 Super, madabodi ya kawaida (lile bamba linalounganisha vifaa vyote), RAM, SSD (diski isiyozunguka), na mwishoni hela ikawa imebaki kiduchu nikasema basi kilichobaki ni kisanduku cha umeme tu, umeme ni umeme. Nikachukua ya bei ya chini kuliko zote, kwenye boksi wameandika wati 600 kwa maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu. Nakumbuka ilikuwa nyepesi mno, ukiiinua kwa mkono mmoja unahisi kama umebeba kopo tupu, na mimi wakati ule sikujua kwamba hiyo peke yake ilikuwa inaniambia kitu.

Ikawaka, ikafanya kazi vizuri kama wiki tatu hivi. Nilikuwa natengeneza video za watu. Usiku mmoja nimemaliza kuediti video ndefu nikabonyeza itoe faili la mwisho, pale ambapo prosesa na kadi ya grafiksi zote zinafanya kazi kwa nguvu zote kwa pamoja, mdogo wangu amekaa pembeni anachezea simu. Feni zikapandisha kelele, halafu nikasikia pah! kama balbu imepasuka, skrini nyeusi, na harufu ya kitu kilichoungua ikajaa chumba kizima. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, umezima?" Nikamwambia sijagusa kitu.

Kesho yake nikafungua. Pawa saplai imekufa, madabodi imekufa nayo, SSD haisomeki kabisa na kazi za wateja wawili zilikuwa humo ndani. Kadi na RAM zilipona. Ndipo nikaigeuza ile pawa saplai nikasoma stika ya ubavuni kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Kuna jedwali dogo pale, +3.3V, +5V, +12V, na chini ya +12V imeandikwa 16A. Chukua volti 12 zidisha kwa ampea 16, unapata wati 192. Kwenye boksi 600, kwenye stika 192. Sasa ile Ryzen kwenye boksi wameandika wati 65 lakini ikifanya kazi kwa nguvu zote AMD walioitengeneza wameiruhusu ifike 88, na kadi ya 1660 Super inahitaji 125, jumla 213, bado hujaweka feni wala diski wala madabodi yenyewe. Yaani nilikuwa naizidishia mzigo kila nilipofanya kazi ya kweli, na kwa wiki tatu ilivumilia tu.

Sababu ya kuangalia hiyo 12 na sio nyingine ni hii. Kompyuta za zamani zilivuta umeme mwingi kwenye volti 5, lakini kuanzia mwaka 2000 kilipoingia kiwango cha ATX12V, enzi za Pentium 4, umeme wa prosesa ukahamia kwenye volti 12, na kadi za grafiksi nazo sehemu kubwa ya chakula chao ni hiyo hiyo 12. Kwa hiyo ukikuta stika ina ampea nyingi kwenye 5 na 3.3 halafu kwenye 12 kidogo, ujue hicho ni kifaa cha michoro ya zamani kimepakwa rangi mpya. Pawa saplai ya wati 500 inayojiheshimu, ukizidisha ile namba ya 12 unatakiwa uikaribie hiyo 500, isiwe nusu yake.

Na kuna hili la stika ya 80 Plus ambalo nadhani linachanganya wengi, hata fundi mmoja mzoefu niliyebishana naye alikuwa analichanganya. 80 Plus ilianza mwaka 2004 na inapima hasa ufanisi, kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye vifaa bila kupotea kuwa joto. Kama vifaa vinataka wati 200 na pawa saplai ina ufanisi wa asilimia 80, ukutani inavuta 250 na zile 50 zinageuka joto. Ni jambo zuri, ila halikuambii kama hicho kifaa kina kinga ya kujizima pale umeme unapozidi au waya zinapogusana, na hiyo kinga ndo ingeokoa madabodi yangu. Mimi siku hizi naangalia stika, naangalia waranti (nzuri nyingi zinakuja na miaka 5 mpaka 10, na kampuni haiwezi kukupa miaka 7 kwa kitu inachojua kitapasuka), halafu natafuta kama kuna mtu wa kuaminika ameshaifungua hiyo modeli akaipima. Wati sio lazima ziwe nyingi. Mashine kama ile yangu, wati 450 za kweli zinatosha na chenji inabaki, mtu asiuziwe 850 kwa kutishwa.

Jambo moja tena kwenye umeme halafu niache. Zile pawa saplai ambazo waya zake zinachomoka, usichukue waya wa moja ukachomeka kwenye nyingine hata kama imeingia vizuri. Upande wa vifaa mpangilio ni wa kiwango kimoja, ila upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotakiwa 5 ukaua diski zote kwa sekunde moja. Ukiuza au kugawa pawa saplai, mpe mtu na waya zake zote.

Sasa nirudi kwenye hiyo i7 mliyomshauri. Ndugu Mhariri, i7 gani? Ipo i7-2600 ya mwaka 2011 na bado inauzwa mtumba mpaka leo, ina kori 4 (wafanyakazi wa ndani) na thredi 8 (kazi zinazoenda kwa mpigo). Ipo i3-12100 ya mwaka 2022, nayo ina kori 4 na thredi 8, na inaiacha ile i7 mbali sana, hata sio mashindano. Halafu hiyo i7 ya zamani inatumia RAM ya DDR3, aina ya zamani, na Windows 11 haiitambui rasmi kwa sababu kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizo i7, wanataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliiachia mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Msomaji wenu akienda na neno "i7" tu kichwani atapewa hiyo ya 2011, na muuzaji atakuwa hajadanganya hata kidogo. Kusoma kwenyewe hakuhitaji shule, chukua namba iliyo baada ya ile alama ya mstari, toa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ndo kizazi. i7-2600 ni cha 2, i5-8400 ni cha 8, i3-12100 ni cha 12. Kwa prosesa za mezani za hizo familia inakubali.

Na mwishoni kuna herufi. Mpwa wangu alinipigia simu juzijuzi akiwa amekata tamaa kabisa, amejenga mashine yake ya kwanza, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini haionyeshi kitu. Alishatoa RAM na kurudisha mara tatu, alishabadilisha waya wa monita, alishaanza kuamini madabodi ni mbovu. Nikamuuliza kadi ya grafiksi ni ipi, akasema bado hajanunua, atanunua akipata hela. Nikamwambia nisomee namba ya prosesa kwenye boksi polepole mpaka herufi ya mwisho.

"i5, moja mbili, nne, sifuri sifuri, F."

"Hiyo F ndo shida yako."

"F ni nini mjomba?"

F kwa Intel maana yake prosesa haina picha ndani yake, bila kadi ya grafiksi haitoi chochote kwenye skrini. Alikuwa ameokoa hela kidogo kwa kuchukua yenye F, na ni uamuzi mzuri tu kama una kadi tayari, ila yeye hakuwa nayo, akakaa na mashine nzima haifanyi kazi mpaka akaazima kakadi kadogo kwa rafiki yake. Kwa AMD soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi) ya AM4 ni kinyume kidogo, nyingi za kawaida hazina picha, Ryzen 5 5600 haina, zenye G ndo zinayo kama 5600G. Ila na hiyo G usifikiri ni ile ile 5600 iliyoongezewa picha, kashe yake (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 wakati 5600 ina 32, na inaishia PCIe 3.0, njia ya kizazi cha nyuma ya kuunganisha kadi. Kama bajeti ni ndogo sana na kadi huinunui leo wala mwakani, chukua G, kama kadi unayo au unanunua pamoja, chukua isiyo na G. Ndo hivyo tu.

Kadi ya grafiksi "ya GB 4" nayo inanisumbua. GB za kadi ni ukubwa wa stoo, hazisemi wafanyakazi ndani ni wangapi wala wana kasi gani. Mfano ninaoupenda kuwaonyesha watu ni GT 1030. Zipo za aina mbili zenye jina hilo hilo na GB 2 zile zile, moja ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde, nyingine iliyoletwa kimyakimya baadaye ina DDR4 inayopitisha kama GB 17. Jina moja, boksi zinafanana, na moja kwenye gemu inakuacha katikati ya safari. RX 580 hivyo hivyo, ya kweli ina kori ndogo 2304, halafu kuna inayoitwa RX 580 2048SP ambayo namba yake inakusomesha yenyewe ukiisoma, kimsingi ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Sio mbaya kwa bei yake, mimi mwenyewe nimemfungia mtu na anafurahi nayo, ubaya ni kuilipia kama 580 kamili.

Mtumba kwenye kadi siukatazi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, waliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiksi na kadi nyingi sana zikamwagika sokoni, nyingine zilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka. Nyingi bado nzima, mara nyingi kinachochoka ni feni na ile pasta ya joto, na hivyo vinabadilishika. Unachotakiwa kuogopa zaidi ni kadi ya zamani sana iliyobadilishwa bios (programu ndogo ya ndani ya kifaa) ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, hapo ndo watu wanapigwa. Ipo programu ya bure inaitwa GPU-Z, inasoma chipu yenyewe na ikigundua kadi ni ya kughushi inaandika wazi. Muuzaji akikataa uiwashe na kuikagua kwa dakika kumi kabla ya kulipa, shukuru na uondoke.

RAM GB 16 mlisema sawa, ila semeni ziwe vipande viwili vya 8, sio kimoja cha 16, maana madabodi ikipata viwili inasoma njia mbili kwa mpigo, na kwa mtu anayetumia picha ya ndani ya prosesa tofauti anaiona kwa macho, maana hiyo picha inakopa RAM hiyo hiyo. Kama nafasi ni nne weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ukishawasha ingia bios ya madabodi uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, watu wengi sana wanalipia RAM ya 3200 inakaa miaka inakimbia kwa 2133 au 2400 na hawajui. DDR4 na DDR5 haziingiliani, zote zina pini 288 lakini ule mkato uko mahali tofauti, ukiona haitaki kuingia usilazimishe. Soketi ya AM4 ni DDR4, AM5 iliyoanza 2022 ni DDR5 tu, na LGA1700 ya Intel inategemea madabodi uliyochukua. Bei za RAM zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza mitambo ya akili bandia, kwa hiyo mwenye DDR4 zake nzima asizitupe, ajenge kuzizunguka, Ryzen 5 5600 kwenye AM4 bado ni mashine ya kujivunia, ila kama madabodi ni ya zamani kama B450 ahakikishe bios imeshapandishwa, la sivyo atakaa na skrini nyeusi kama mpwa wangu kwa sababu nyingine.

SSD sina mengi. Hata ya SATA, muunganisho wa kawaida wa diski, ya MB 550 kwa sekunde ukitoka kwenye diski ya kuzunguka utadhani umebadilisha kompyuta. Za NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, zinafika 3500 na zaidi, ila ziko za M.2 (kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye madabodi) ambazo kwa ndani ni SATA na kwa macho zinafanana, soma kijitabu cha madabodi tundu lako linapokea ipi.

Mtaniuliza hiyo hela ya pawa saplai nzuri itoke wapi kama bajeti ni ndogo. Itoke kwenye kesi yenye kioo na taa za rangi, itoke kwenye madabodi ya Z (zile modeli zinazoanza na herufi hiyo) ambayo kazi yake kubwa ni kuongeza kasi ya prosesa yenye K ambayo huna, itoke kwenye kipoozeo cha maji wakati prosesa ya wati 65 mara nyingi imekuja na feni yake kwenye boksi na inatosha. Mimi mashine ninayoandikia barua hii ipo kwenye kesi ya zamani ya bati, nimeitoboa mbele kwa drili ipate hewa.

Na kwa yule ambaye hata hapo hafiki, kuna zile mashine za maofisini zilizostaafu, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, ukipata ya kizazi cha 8 una msingi mzuri. Ila nazo zisomwe. Nyingi zina pawa saplai ndogo lakini za kuaminika, na plagi zake baadhi sio zile za kawaida za pini 24, huwezi kuibadilisha kirahisi, kwa hiyo kadi utakayoweka iwe isiyohitaji waya wa ziada, inayotosheka na zile wati 75 za kwenye tundu la madabodi. GTX 1650 zipo za namna hiyo na zipo nyingine zenye tundu la pini 6, tena jina moja, kwa hiyo angalia kwa juu pembeni kabla hujalipa. Na pima urefu na kimo cha nafasi kwenye kesi, zile nyembamba zinataka kadi fupi ya kimo cha chini.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, mkiandika tena mambo haya andikeni namba kamili za modeli mpaka herufi ya mwisho, na kwenye pawa saplai andikeni ampea za volti 12, hata kama mstari utakuwa mrefu na hauvutii. Mkiweza wekeni picha ya stika yenyewe kwa ukaribu na mshale pale kwenye 12V, nafasi ndogo tu inatosha, mimi nina stika ya ile iliyoungua bado nimeihifadhi na niko tayari kuwatumia picha yake bure.

Na lile neno "yoyote" naomba mlirekebishe toleo lijalo, msisubiri, kwa sababu kuna mtu ameshakikata kile kipande cha gazeti, amekikunja mfukoni, na anakwenda nacho dukani.

Msomaji wenu wa kila wiki